Kimbunga Kilichofilisi Makampuni ya Bima

Wazia, msomaji, kijiji chenye nyumba 100 za makuti, na kila mwaka nyumba moja huungua. Thamani ya kila nyumba ni shilingi 100,000. Ikiwa kila mwenyeji atatia shilingi 1,000 kwa mwaka katika kikapu kimoja, yule atakayepatwa na moto atajengewa nyingine, na wenzake watalala bila hofu. Hiyo ndiyo bima. Yaliyobaki ni hesabu. Lakini hesabu hiyo yasimama juu ya mguu mmoja tu, yaani desturi ya miaka iliyopita. Je, zikiungua nyumba 50 kwa usiku mmoja?

Usiku wa namna hiyo uliwafikia watu wa Florida, jimbo la kusini ya Marekani. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga kilichopewa jina la Andrew kilitoka baharini kikapiga nchi kavu kusini ya mji wa Miami. Katika mji mdogo wa Homestead zilikuwako nyumba nyepesi 1,176, za namna ile iwezayo kukokotwa kwa gari. Kulipokucha, 1,167 zilikuwa vifusi. Toa mwenyewe ujue zilisalia ngapi. Katika wilaya nzima zilibomoka nyumba zaidi ya 25,000, na nyingine zaidi ya 100,000 ziliharibika.

Makampuni ya bima yalikuwa yamejiandaaje? Kwa miaka mingi Florida haikuwa imepigwa na kimbunga kikali sana, na katika shwari hiyo watu walimiminika pwani wakajenga. Makampuni yalitazama madaftari ya miaka ya shwari, yakapanga bei ndogo. Mwanamke mmoja, Karen Clark, alikuwa ameanzisha mwaka 1987 kampuni iliyofanya hesabu kwa njia nyingine. Yeye hakutosheka na yaliyopita. Alitumia kompyuta kuunda maelfu ya vimbunga viwezavyo kutokea, akavipitisha juu ya nyumba zilizokuwapo wakati huo. Wengi hawakumjali. Saa chache baada ya Andrew kupiga aliwaarifu wateja wake kwamba hasara yaweza kuzidi dola bilioni 13, nao wakaona ametia chumvi. Mwishowe bima zililipa kama dola bilioni 15.5, na makampuni 11 hivi yakafilisika.

Hapo bei zikapanda, wala sababu haikuwa uroho peke yake, ingawa sisemi kwamba uroho haukuwapo. Makampuni ya bima nayo hujikatia bima kwa makampuni makubwa kuliko yao. Hao wakubwa walipoongeza bei, mzigo ulishuka hadi kwa mwenye nyumba. Mengine yalitaka kuondoka Florida kabisa, hata serikali ya jimbo ikayawekea vizuizi, na mwaka 1993 ikaunda hazina ya kuyasaidia kulipa hasara za vimbunga. Tena likazuka sharti jipya: sehemu ya kwanza ya hasara ya kimbunga aibebe mwenyewe, mathalan asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima. Mwenye nyumba ya dola 200,000 akajua kwamba dola 4,000 za kwanza ni zake. Naye aliyejenga kwa mkopo wa benki hawezi kusema, "Basi, bima siitaki," kwa kuwa benki humlazimisha kuwa nayo.

Huenda ukauliza kama Andrew kililetwa na kuongezeka kwa joto la dunia. Si haki kukibandika kimbunga kimoja sababu moja. Hata hivyo, maji ya bahari yenye joto ndiyo chakula cha kimbunga, na bahari zinazidi kupata joto. Hewa nayo hubeba mvuke zaidi kadiri ipatavyo joto, kiasi cha asilimia 7 kwa kila digrii moja, na maji ya bahari yaliyopanda hupeleka mawimbi ndani zaidi ya nchi. Septemba 2022 kimbunga Ian kiliipiga Florida hiyo hiyo, na hasara yake ikaipita ya Andrew kwa mbali.

Turudi kijijini kwetu. Tuseme sasa huungua nyumba 3 kila mwaka. Kila mwenyeji hana budi kutia kikapuni shilingi 3,000, na yule aliyekuwa akizipata kwa shida zile 1,000 atajitoa. Nyumba yake ni ya makuti kama zamani, nao moto haumwulizi kama amelipa.