Namba Iliyobaki Mfukoni

Ndugu msomaji, kuna vitu ambavyo mtu hutupa bila kufikiri: kishikio cha funguo cha plastiki, kalamu ya tangazo, stika, kadi ya simu iliyokwisha. Lakini kule Ufaransa, vitu vya namna hiyo vikiwa vimechapwa namba 3615, wapo watu wanaovikusanya kama sarafu za kale. Kwa nini? Basi nisikilize.

Mwaka 1978 Simon Nora na Alain Minc walimpa Rais wa Ufaransa ripoti juu ya kompyuta na jamii. Wakubwa waliogopa nchi yao isije ikabaki kununua kila kitu Marekani. Shirika la simu la serikali likaleta Minitel, kisanduku chenye kioo na vibonye, kinachochomekwa kwenye waya wa simu. Majaribio yalifanyika Saint-Malo mwaka 1980 na Vélizy mwaka 1981. Kisha likaja neno tamu: bure! Mwenye simu alipewa Minitel bila kutoa hata senti, asome humo namba za simu badala ya kufunua kitabu kinene.

Lakini bure ghali, bwana. Mwaka 1984 ulianzishwa utaratibu ulioitwa kioski. Unapiga 3615, unaandika jina la huduma, na kila dakika inaingia kwenye bili yako ya simu. Shirika la simu linachukua fungu lake, mwenye huduma lake. Watu walisoma habari, waliagiza nguo, walipiga soga usiku kucha. Kufikia miaka ya 1990 Minitel zilizidi milioni 6.

Sasa hapa ndipo vinapoingia vile vikorokoro. Ukipiga 3615 bila kujua jina la huduma, umekwama mlangoni. Kwa hiyo kila mfanyabiashara alitaka jina lake likae kichwani mwako: ukutani, kwenye gazeti, kwenye kalamu, kwenye funguo zako mwenyewe. Mabango ya 3615 ULLA, yenye picha za wanawake, yalijaa mitaani hadi watu wakalalamika kwamba serikali inakula faranga za ufuska. Na kumbe katika huduma za aina hiyo, "mrembo" aliyekuwa akikujibu mara nyingi alikuwa mwanamume aliyeajiriwa kuandika tu, ili dakika zizidi kwenda.

Tarehe 30 Juni 2012 Minitel ilizimwa. Kile kisanduku hakikuwa na ghala la kuhifadhia maneno. Ukurasa ulikuja kwenye kioo, ukasomwa, ukapotea. Soga za mamilioni ya watu, mapenzi yao na uongo wao, sehemu kubwa imekwenda na upepo. Kilichobaki ni plastiki na karatasi za matangazo.

Hilo ndilo linalonisumbua mimi ninayeota kuandika riwaya. Tangazo linatuambia mtu aliahidiwa nini. Halituambii alipata nini, wala alilia vipi bili ilipofika. Mwanahistoria akikuta kishikio cha funguo, amekuta nusu ya habari, tena nusu ya muuzaji. Nusu ya pili alikuwa nayo yule aliyekaa mbele ya kioo usiku. Kama hakuiandika mahali, nani ataisema?

Vijana wenzangu, tuandike yetu mapema, kwa kalamu yoyote, hata ile ya tangazo.