Columbia na Jirani Zake: Upanuzi wa Chuo Kikuu na Sheria za Ardhi Jijini New York

Sheria za matumizi ya ardhi za jiji la New York zimekihesabu chuo kikuu, tangu zilipoandikwa upya katikati ya karne ya 20, kuwa jirani mwema kwa asili yake, yaani taasisi ambayo kukua kwake kunadhaniwa kuwanufaisha wote wanaoizunguka hata pale ambapo hawakuulizwa. Dhana hiyo ndiyo iliyokipa Chuo Kikuu cha Columbia nafasi ya kupanuka kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan kwa miongo mingi, na ndiyo iliyowalazimu wakazi wa Harlem na mitaa ya karibu kutafuta njia za kuipinga, kwanza kwa maandamano na baadaye kwa kura na kesi. Historia ya mgogoro huo inaonyesha jinsi wakazi walivyopata haki ya kusikilizwa hatua kwa hatua, ilhali uamuzi wenyewe ulibaki mikononi mwa wengine.

Columbia ilianzishwa mwaka 1754 kwa hati ya Mfalme George II wa Uingereza, ikiitwa King's College, na madarasa yake ya kwanza yalikuwa kusini kabisa mwa Manhattan, karibu na Kanisa la Trinity. Jiji lilipokua na kukisogelea, chuo kilihama mwaka 1857 hadi Barabara ya 49, na mwaka 1897, chini ya mkuu wake Seth Low, kikahamia Morningside Heights, kilima cha mwamba ambako hapo awali palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bloomingdale. Wakati huo kilima kilikuwa na majengo machache, na viongozi wa chuo walidhani kuwa wamepata mahali ambapo hawatabanwa tena. Hata hivyo, reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa Oktoba 1904, ikiwa na kituo kwenye Barabara ya 116 mbele ya lango la chuo, ilikifanya kilima hicho kifikike kwa dakika chache kutoka katikati ya jiji, na katika muda mfupi wajenzi wakakijaza majumba ya ghorofa ya kupangisha. Upande wa mashariki, chini ya mteremko mkali ambao jiji lilikuwa limeugeuza kuwa Bustani ya Morningside, Harlem ilikuwa ikibadilika nayo, kwa kuwa Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walihamia huko kwa wingi katika miongo ya mwanzo ya karne. Kwa hiyo chuo kilichohama mara mbili kukwepa msongamano kilijikuta juu ya kilima kilichozungukwa na watu pande zote, na tangu hapo kila jengo jipya lilihitaji ardhi iliyokuwa tayari na mtu juu yake.

Katika kipindi hichohicho jiji lilikuwa likitunga sheria yake ya kwanza ya kanda, yaani sheria inayoligawa eneo la mji katika sehemu na kuamua ni matumizi gani yanaruhusiwa katika kila sehemu, na majengo yake yawe na ukubwa gani. Sheria hiyo, iliyopitishwa mwaka 1916 na kuwa ya kwanza nchini Marekani kulihusu jiji zima, ilitokana na malalamiko ya aina mbili: wenye maduka ya kifahari ya Fifth Avenue hawakutaka viwanda vya nguo viwasogelee, na watu wengi walikasirishwa na jengo la Equitable, lililokamilika mwaka 1915 na kuvitupia kivuli viwanja vya jirani. Iligawa ardhi katika makundi matatu, yaani makazi, biashara, na maeneo yasiyo na masharti, ambako viwanda viliruhusiwa. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha uhalali wa sheria za namna hiyo katika kesi iliyohusu kijiji cha Euclid, jimboni Ohio, ikieleza kwamba serikali ya mahali ina mamlaka ya kuyalinda makazi dhidi ya matumizi yanayoyadhuru. Sheria ya kanda ilizaliwa, basi, ili kumlinda mkazi dhidi ya kiwanda, na walioitunga hawakumwona mwalimu wala mwanafunzi kuwa tishio.

Mtazamo huo uliingizwa waziwazi katika sheria mpya ya mwaka 1961, ambayo iliviweka vyuo, mabweni yake, hospitali, makanisa na maktaba katika kundi moja lililoitwa huduma za jamii. Taasisi za kundi hilo ziliruhusiwa kujenga katika kanda nyingi za makazi bila kuomba kibali maalumu, na mara nyingi ziliruhusiwa kuwa na sakafu nyingi zaidi, kwa kulinganisha na ukubwa wa kiwanja, kuliko nyumba za kuishi zilizokuwa kando yake. Kwa upande mwingine, katika kanda za viwanda, ambako watu wachache waliishi, vyuo kwa kawaida havikuruhusiwa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yale ambayo mtu angeyatarajia, kwa sababu palipokuwa na wakazi wengi chuo kikuu kiliweza kujenga kwa haki, na palipokuwa na maghala na karakana kililazimika kuomba ruhusa.

Wakati huohuo sera ya taifa ilikuwa ikivivuta vyuo vikuu kwenye kazi ya kuubadilisha mji. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 iliiwezesha serikali kuu kulipa theluthi mbili ya gharama halisi ya kununua na kubomoa mitaa iliyotajwa kuwa mibovu, na mji ukalipa theluthi iliyosalia, kisha ardhi ikauzwa kwa wajenzi kwa bei nafuu. Huko Morningside Heights, taasisi kadhaa zikiwemo Columbia, seminari na hospitali zilikuwa zimeungana mwaka 1947 kuunda Morningside Heights, Inc., chombo kilichoongozwa na David Rockefeller, na mpango wao mkubwa wa kwanza ulibomoa mtaa mzima wa wapangaji ili kujenga Morningside Gardens, nyumba za ushirika zilizofunguliwa mwaka 1957 kwa watu wa kipato cha kati. Mjini Chicago, ambako chuo kikuu cha mji huo kilisukuma mpango wa kuutengeneza upya mtaa wa Hyde Park-Kenwood, mwanasheria Julian Levi na wenzake walilishawishi Bunge la Marekani kuongeza Kifungu cha 112 katika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1959. Kifungu hicho kiliruhusu fedha ambazo chuo kikuu kilizitumia kununua ardhi karibu na eneo la mradi zihesabiwe kuwa sehemu ya mchango wa mji, hivyo mji wenye chuo kinachopanuka ulipata fedha za serikali kuu bila kutoa zake mwenyewe. Tangu hapo meya na mkuu wa chuo walikuwa na sababu ya kifedha ya kusimama upande mmoja.

Katika miaka ya 1960 Columbia ilinunua zaidi ya majengo 100 katika Morningside Heights, na mengi kati yake yalikuwa nyumba za kupangisha chumba kimoja kimoja, ambamo waliishi wazee, wahamiaji kutoka Puerto Rico na watu weusi wa kipato kidogo. Chuo kilieleza kuwa nyumba hizo zilikuwa vituo vya uhalifu na dawa za kulevya, na kwamba kisingeweza kuwavutia walimu na wanafunzi bila kuzibadilisha. Wapangaji walijibu kuwa mwenye nyumba aliacha kukarabati kwa makusudi ili waondoke wenyewe. Hakuna baraza lolote la umma lililopaswa kuamua nani anasema kweli, kwa sababu kununua jengo na kubadilisha matumizi yake kuwa ya chuo vilikuwa vitendo halali ambavyo havikuhitaji kura ya mtu yeyote nje ya chuo.

Mgogoro ulilipuka kuhusu ardhi ambayo haikuwa ya chuo wala ya wapangaji. Mwaka 1960 bunge la jimbo la New York liliruhusu jiji kuikodishia Columbia kipande cha Bustani ya Morningside chenye ukubwa wa takriban eka 2, na mkataba uliotiwa saini mwaka uliofuata uliweka kodi ya dola 3,000 kwa mwaka kwa ajili ya kujenga jumba la michezo kwenye mteremko. Wanafunzi wangeingia kwa mlango wa juu, upande wa kilima, na wakazi wa Harlem wangeingia kwa mlango wa chini na kutumia sehemu ndogo tu ya jengo. Mradi ulipofikia hatua ya ujenzi mwezi Februari 1968, mpangilio huo wa milango miwili ulisomwa na wengi kuwa ubaguzi wa rangi uliojengwa kwa saruji, na hata Thomas Hoving, aliyekuwa kamishna wa bustani wa jiji, alikuwa ameupinga mradi huo hadharani. Tarehe 23 Aprili 1968 wanafunzi, wakiwemo wa Umoja wa Wanafunzi Weusi na wa chama kilichopinga vita vya Vietnam, walianza kuyateka majengo ya chuo, na wiki moja baadaye polisi waliwaondoa kwa nguvu na kuwakamata takriban 700. Mkuu wa chuo, Grayson Kirk, aliondoka madarakani mwaka huohuo, jumba la michezo likaachwa, na shimo lililokwisha kuchimbwa likageuzwa baadaye kuwa bwawa.

Mafanikio hayo yalipatikana nje ya taratibu za mipango miji, na miongoni mwa mafunzo ambayo jiji lilijifunza katika miaka hiyo ni kwamba upinzani usiokuwa na mlango rasmi hubomoa ukuta. Marekebisho ya katiba ya jiji ya mwaka 1975 yaliimarisha bodi za jamii, ambazo ni vyombo vya wakazi wasiozidi 50 kwa kila eneo wanaoteuliwa na kiongozi wa wilaya, na yakaanzisha utaratibu mmoja wa kujadili kila ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi. Baada ya marekebisho mengine ya mwaka 1989, bodi hupewa siku 60 kutoa maoni, kiongozi wa wilaya siku 30, Tume ya Mipango Miji siku 60, na Baraza la Jiji siku 50. Bodi iliruhusiwa pia kuandika mpango wake wa eneo na kuuwasilisha ujadiliwe. Lakini maoni ya bodi yalibaki ushauri, na tume na baraza hawakufungwa nayo.

Utaratibu huo ulipimwa vikali kuanzia mwaka 2003, Columbia chini ya mkuu wake Lee Bollinger ilipotangaza nia ya kujenga kampasi mpya ya eka 17 huko Manhattanville, kaskazini mwa Barabara ya 125, kati ya Broadway na 12th Avenue. Mtaa huo ulikuwa kanda ya viwanda yenye karakana, maghala, vituo vya mafuta na nyumba chache, na kwa sababu hiyohiyo chuo hakikuweza kujenga bila kubadilisha kanda. Bodi ya Jamii Namba 9 ilikuwa na mpango wake mwenyewe, uliotaka ajira za viwanda zilindwe, nyumba za bei nafuu zijengwe na ardhi ya mtu isitwaliwe kwa nguvu. Mwezi Agosti 2007 bodi iliukataa mpango wa Columbia kwa kura 32 dhidi ya 2. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Desemba 2007, Baraza la Jiji lilipitisha mpango wa chuo na, siku hiyohiyo, mpango wa bodi uliofanyiwa marekebisho hadi usigongane na ule wa kwanza.

Wamiliki wachache walikataa kuuza, na hapo shirika la maendeleo la jimbo likaombwa kutumia mamlaka ya dola ya kutwaa ardhi ya mtu binafsi kwa manufaa ya umma na kumlipa fidia. Ili mamlaka hayo yatumike, ilibidi kwanza eneo litangazwe kuwa chakavu. Wamiliki walidai kuwa uchakavu huo ulitokana na Columbia yenyewe, iliyokwisha kununua sehemu kubwa ya mtaa na kuacha majengo yakae matupu, na wakaonyesha kuwa kampuni moja ya washauri ilikuwa imefanya kazi ya chuo na ya shirika la jimbo kwa pamoja. Mahakama ya rufani ya ngazi ya kati iliwakubalia Desemba 2009 kwa majaji 3 dhidi ya 2. Mwezi Juni 2010 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilitengua uamuzi huo bila jaji hata mmoja kupinga, ikieleza kuwa si kazi ya majaji kuupima upya uchakavu uliothibitishwa na chombo cha serikali, na kwamba kampasi ya chuo binafsi inaweza kuhesabiwa kuwa mradi wa kiraia kwa kuwa elimu ni manufaa ya umma. Desemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa.

Columbia ilikuwa imekubali, katika mkataba wa mwaka 2009 na shirika la maendeleo la Harlem Magharibi, kutoa manufaa yenye thamani ya dola milioni 150, zikiwemo fedha za mfuko wa nyumba, na majengo ya kwanza ya kampasi mpya yalianza kutumika kuanzia mwaka 2017. Mkataba huo ni ushahidi kwamba sauti ya wakazi ilikuwa na bei mwaka 2009 ambayo haikuwa nayo mwaka 1961, wakati ardhi ya bustani ilipokodishwa kwa dola 3,000. Hata hivyo, ukiulinganisha mwisho wa mizozo hiyo miwili, jumba la michezo lilizuiwa na watu ambao sheria haikuwapa nafasi yoyote, na kampasi ya Manhattanville ilijengwa baada ya kila chombo kilichowekwa kwa ajili ya watu kukutana, kusikiliza na kupiga kura kwa utaratibu. Sheria inayompa mkazi siku 60 za kusema, kisha ikamwachia mwingine uhuru wa kutojali alichosema, humpunguzia hasira bila kumwongezea mamlaka, na jiji lolote linalotaka vyuo vyake vikue kwa haki lina wajibu wa kuandika ndani ya sheria yenyewe ni wakati gani neno la mkazi linafunga.