Herufi za Mjerumani Mjini Tabora

Kabla ya reli, wafanyabiashara wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa herufi hizo hizo.

Mjerumani alikuja na herufi za namna mbili. Watoto wa shule aliwafundisha za Kirumi, hizi tunazosoma leo. Zile nyeusi zenye ncha na mikato, walizoziita Fraktur, aliziweka kwa ajili ya lugha yake: ndizo zilizojaa katika gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899. Kiswahili hakikuvishwa joho hilo, na naona kilinusurika. K ya Fraktur hudhaniwa t, na s ya katikati ya neno hurefushwa hadi ikafanana na f.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Miaka miwili baadaye vita vikazuka, Waingereza wakafunga bahari, noti kutoka Ujerumani zikakatika. Benki ya koloni ikaanza kuchapa noti za muda hapa hapa, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Ukiishika ile ya rupia moja unaona ufukara wa vita: karatasi duni, namba pembeni, saini za mkono, mahali pa kutolewa pameandikwa “Daressalam/Tabora”. Lakini maneno ya ahadi ya kulipa yamesimama kwa herufi zile zile za kifahari za Fraktur, kana kwamba mambo ni shwari. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa na haja ya kuzisoma. Tarakimu 1 ilimtosha.

Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, ikapigwa sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo, ina T ndogo ya Tabora, na maandishi yake ni ya Kirumi. Dhahabu haikuhitaji mbwembwe. Karatasi ndiyo iliyozihitaji. Septemba 19 mwaka huo Wabelgiji, washirika wa Waingereza, wakaingia mjini, na noti zile zikabaki mikononi mwa watu.

Kwao Ujerumani herufi za Fraktur zilipigwa marufuku na serikali ya Hitler yenyewe, Januari 1941, kwa kisingizio kwamba zina asili ya Kiyahudi. Tabora wakati huo ilikwishazoea herufi za Kirumi, na ndizo zilizotumika baadaye katika vitabu vya Kiswahili vya kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, T.M.P.

Siku hizi ndugu zake, herufi ziitwazo Old English, zimerudi kwa njia ya kompyuta. Utazikuta kwenye vyeti vya mahafali na kadi za harusi, pale mtu anapotaka karatasi itishe kidogo. Kosa la wengi ni kuandika jina zima kwa herufi kubwa. Hapo hata mwenye jina halisomi. Fundi wa steshenari anayeijua kazi yake huziweka kwenye neno “Cheti” tu, jina la mhitimu akaliandika kwa herufi za kawaida.