Wilaya ilipogeuka kaunti: maulizo ya SQL na hesabu ya Malindi

Leo ni historia, lakini historia ya safu moja tu ndani ya jedwali.

Mteja mmoja huku Malindi ana hifadhidata ya MySQL ya tangu enzi za wilaya. Safu yenyewe iliitwa wilaya na aina yake ilikuwa maandishi: 'Kilifi', 'Malindi', 'Kaloleni'. Fundi aliyenitangulia aliibadili jina ikawa kaunti, na aina ikawa nambari, maana kaunti zina nambari zake: Mombasa 1, Kwale 2, Kilifi 3. Ripoti zikakatika, na kazi ya kuzirudisha ikaniangukia mimi.

Maulizo yaliyogoma waziwazi hayakunipa taabu. Ukiandika

WHERE wilaya = 'Kilifi'

MySQL inakwambia safu hiyo haipo, nawe unatafuta na kubadilisha. Nusu saa, umemaliza. Taabu ni yale ambayo mtu alibadilisha jina la safu akaisahau aina:

WHERE kaunti = 'Kilifi'

Hapa MySQL inalinganisha nambari na maandishi. Neno 'Kilifi' halianzi na tarakimu, basi inalihesabu kuwa 0. Kaunti nambari 0 hakuna, kwa hiyo unaletewa jibu tupu bila kosa lolote, na meneja anaamini Kilifi nzima haina mteja hata mmoja! PostgreSQL ingekataa papo hapo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuipenda zaidi (najua kuna watakaonibishia).

Haya, hayo yote yanarekebishika. Lililonikalisha mpaka usiku ni la tatu: maulizo yanayofanya kazi vizuri kabisa na kutoa jibu la uongo. Kulielewa hili lazima turudi nyuma.

Wilaya ya Malindi ilikatwa kutoka Kilifi mwaka 1996. Sensa ya 1999 ikahesabu Kilifi watu 544,303 na Malindi 281,552. Baadaye Kaloleni nayo ikatengwa na Kilifi, na Sensa ya 2009 ikatoa Kilifi 456,297, Kaloleni 252,924 na Malindi 400,514. Mwaka huohuo wa 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali. Za sheria ile zilikuwa 46, ukiacha Nairobi. Kwa hesabu hiyo Malindi ilikuwa wilaya kwa miaka 13 bila kuwa wilaya. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikafuata ramani hiyo ya 1992: kaunti 47, Malindi ndani ya Kilifi. Serikali za kaunti zikaanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013.

Sasa uliza hifadhidata: Malindi ilikua kiasi gani kati ya 2009 na 2019? Sensa ya 2019 inaipa kaunti ndogo ya Malindi watu 333,226. Toa kwenye 400,514, na Malindi imepoteza watu 67,288! Wamekwenda wapi, Lamu? Hawakwenda popote. Magarini, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Malindi, sasa inahesabiwa peke yake: 191,610. Ziunganishe upate 524,836. Hakuna aliyehama, ni mpaka uliohama, na jina likabaki vilevile.

Kilifi ndiyo balaa zaidi. Ukifuata neno 'Kilifi' peke yake unapata 544,303, kisha 456,297, kisha 1,453,787. Watu wamepungua, halafu ghafla wamezidi mara tatu. Ukweli ni kwamba ya kwanza na ya pili ni wilaya mbili zenye mipaka tofauti, na ya tatu ni kaunti nzima. Kaunti kwa kaunti ni 825,855, halafu 1,109,735, halafu 1,453,787; ukuaji wa kawaida kabisa.

Hata nambari 3 yenyewe ina historia. Kwenye data ya utafiti wa afya ya familia nchini wa 2008-09, 3 ilikuwa Mkoa wa Pwani wote. Ukiingiza faili kama hilo kwenye safu mpya, mtu wa Taita anakuwa wa Kilifi, na aina za safu zinalingana barabara, kwa hiyo hakuna kompyuta itakayokustua.

Nilichofanya: nilichukua safu ya zamani kutoka kwenye nakala ya akiba, nikairudisha kwa jina lake la wilaya na maandishi yake, kwa sababu 'Malindi' ya 1999 ni habari ya kweli kuhusu 1999. Kaunti ikawa safu nyingine kando yake. Kisha nikaunda jedwali la maeneo lenye jina, ngazi (mkoa, wilaya, kaunti, kaunti ndogo), mwaka wa kuanza, mwaka wa kuisha, na lilikotoka. Ripoti za zamani nikazitengenezea VIEW, yaani jedwali la kivuli lenye majina yale yale zilizoyazoea, ili zisiguswe.

Malindi na Magarini zimekaa sawa. Bado Kaloleni, ambayo Rabai ilitoka ndani yake, na Kilifi ya 2009, ambayo kwenye sensa ya 2019 imekuwa vipande vitano: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Ganze, Chonyi na Kauma.