Anna Julia Cooper (1858–1964): Nyumba, Jumuiya na Shule katika Wito Mmoja

Utangulizi

Historia ya elimu ya Wamarekani Weusi baada ya utumwa husimuliwa mara nyingi kwa majina mawili, Booker T. Washington na W. E. B. Du Bois, na kwa hoja waliyobishania: je, mtoto wa mtumwa afundishwe kwanza ufundi wa mikono, ama elimu ya juu? Makala haya yanamtazama mwanamke aliyeishi miaka 105, akaikabili hoja hiyo darasani na nyumbani mwake. Sisi tulio katika utumishi wa Kanisa tunayo sababu nyingine ya kumfahamu. Alisomeshwa na Kanisa, akaolewa na mwanafunzi wa theolojia, na mojawapo ya hotuba zake za kwanza zenye uzito aliitoa mbele ya makasisi.

Darasa la Kiyunani

Anna alizaliwa utumwani mjini Raleigh, North Carolina, tarehe 10 Agosti 1858. Mama yake, Hannah Stanley, alikuwa mtumwa. Baba yake, kwa kadiri ijulikanavyo, alikuwa wa ukoo wa mabwana waliommiliki mama huyo. Utumwa ulipokomeshwa, Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, lilifungua mjini humo shule ya St. Augustine's ili kuandaa walimu na watumishi kutoka miongoni mwa walioachwa huru. Anna aliingia mwaka 1868, kabla hajatimiza miaka kumi.

Katika shule hiyo Kiyunani kilikusudiwa vijana wanaume waliojiandaa kwa ukasisi. Anna alimwendea mkuu wa shule akaomba nafasi, akaipata. Mwalimu wa Kiyunani, George Cooper, alikuwa mwanafunzi wa theolojia. Walioana mwaka 1877. George alifariki mwaka 1879, akamwacha Anna mjane wa miaka 21. Hakuolewa tena. Alikwenda Oberlin, Ohio, akapata shahada ya hisabati mwaka 1884.

Mwaka 1886 alialikwa kuzungumza na makasisi Weusi wa Kanisa lake mjini Washington. Aliwaeleza waziwazi kwamba Kanisa liliwasaidia wavulana waliotaka ukasisi, na wasichana likawaacha wajitafutie wenyewe. Alishikilia kwamba watu wake hawataweza kuinuka huku wanawake wao wakiachwa gizani, kwa kuwa malezi ya mtu huanzia kwa mama. Hotuba hiyo imo katika kitabu chake A Voice from the South, kilichotoka mwaka 1892.

Mkuu wa shule

Kuanzia mwaka 1887 Anna alifundisha Washington, katika shule ya sekondari ya Weusi ambayo baadaye iliitwa M Street. Aidha, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa wanawake Weusi mjini humo mwaka 1892, na mwaka 1900 alihutubia Mkutano wa Waafrika uliofanyika London.

Mwaka 1902 alifanywa mkuu wa shule hiyo. Wakubwa wa elimu walitaka watoto Weusi wapewe masomo mepesi na ya ufundi. Yeye alishikilia Kilatini, hisabati na maandalizi ya chuo kikuu. Wanafunzi wake walipokelewa Harvard na vyuo vingine vikubwa. Hata hivyo, mabishano yalizidi, na mwaka 1906 Bodi ya Elimu haikumrudisha katika ukuu. Akaenda kufundisha Missouri kwa miaka minne. Mwaka 1910 alirejea katika shule ile ile akiwa mwalimu wa kawaida wa Kilatini, akaendelea humo hadi alipostaafu mwaka 1930. Alikubali kuwa chini pale alipokuwa juu, ili wanafunzi wasikose mwalimu.

Nyumba yenye watoto watano

Mwaka 1915, akiwa na miaka 57, alipokea wajukuu watano wa kaka yake waliofiwa na mama yao. Mdogo wao alikuwa bado mchanga. Alinunua nyumba kubwa zaidi ili wapate pa kukaa. Wakati huo alikuwa ameanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, kilichodai mwanafunzi akae New York mwaka mzima. Mlezi wa watoto watano, mwenye kazi ya kila siku Washington, asingeweza. Alihamishia masomo yake Paris, na mwaka 1925, akiwa na miaka 66, alipata udaktari wa Sorbonne kwa tasnifu juu ya msimamo wa Ufaransa kuhusu utumwa wakati wa Mapinduzi.

Baada ya kustaafu aliongoza Chuo cha Frelinghuysen, kilichowafundisha watu wazima waliofanya kazi za mshahara mdogo mchana kutwa. Fedha zilipopungua, aliyahamishia madarasa nyumbani kwake, na sehemu moja ya chuo akaiita kwa jina la mama yake. Alifariki tarehe 27 Februari 1964, akazikwa Raleigh.

Hitimisho

Ndugu msomaji, ni rahisi kumsifu mtu wa namna hii na kuishia hapo. Lakini maisha yake yanalihoji Kanisa. Kanisa lilimfungulia mlango wa elimu, nalo ndilo lililopanga kwamba Kiyunani si cha wasichana. Kama angetii mpango huo kimyakimya, tungepata mke mwema wa kasisi, na vizazi vya wanafunzi vingekosa mwalimu wao.

Hivyo basi, hatuna budi kujiuliza katika vyuo vyetu: fedha za masomo zinapogawanywa, ni nani asiyefikiriwa kabisa? Wake wa wanafunzi wanapofuatana na waume zao chuoni, wanapewa kusoma nini? Na mjane wa mtumishi, aliyebaki na watoto na akili yake timamu, anafunguliwa mlango gani? Maswali hayo Anna Cooper aliyaweka mbele ya makasisi mwaka 1886. Yanangoja majibu kutoka katika mabaraza yetu pia.