Kichina cha Biashara: Kutoka Marufuku ya Guangzhou hadi Darasa la Chuo Kikuu

Masomo yanayounganisha lugha ya Kichina na biashara ya kimataifa yalizaliwa na tatizo la kale la kila bandari: mnunuzi na muuzaji wasioelewana hulazimika kumwamini mtu wa tatu. Mwenye maneno ya pande zote mbili ndiye ajuaye bei ya kweli, na riziki yake hutegemea wengine wasijue alijualo. Kwa zaidi ya karne mbili, kampuni, serikali na vyuo vya nchi mbalimbali vimejaribu kumpunguzia mtu huyo nguvu kwa kumfundisha mfanyabiashara mwenyewe Kichina. Historia hiyo inaanzia katika mji ambao kumfundisha mgeni lugha kuliweza kumgharimu mwalimu maisha yake.

Bandari yenye mlango mmoja

Mwaka 1757 Kaisari Qianlong wa nasaba ya Qing aliamuru meli za biashara kutoka Ulaya zitie nanga katika bandari moja tu, Guangzhou, kusini mwa China. Huko mgeni hakuruhusiwa kununua chai, hariri wala vyombo vya kaure kwa yeyote amtakaye. Aliuziwa na kundi dogo la wafanyabiashara wenye leseni, na shauri lolote la ushuru lilipitia kwa wakalimani waliotambuliwa na serikali. Wakalimani hao waliijua vizuri kazi ya forodha, lakini wengi hawakuweza kusoma lugha yoyote ya Ulaya. Kilichosemwa sokoni ni pijini, yaani maneno ya Kiingereza na machache ya Kireno yaliyofuatana kwa mpangilio wa Kichina. Jina lenyewe la pijini huaminiwa kuwa ni neno la Kiingereza la biashara, kama lilivyotamkwa na Wachina wa Guangzhou.

Mwaka 1759 James Flint, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki aliyekuwa amejifunza Kichina tangu ujana, aliamua kuwapita wakalimani. Alisafiri kwa meli hadi Tianjin, karibu na Beijing, akawasilisha waraka wa Kichina wenye malalamiko dhidi ya maofisa wa Guangzhou. Msimamizi wa forodha aliondolewa kazini, lakini adhabu iliwafikia pia waliohusika na waraka. Flint alifungwa Macau miaka mitatu, kisha akafukuzwa nchini. Liu Yabian, Mchina aliyemsaidia kuuandika, alikatwa kichwa. Tangu hapo Mchina aliyekubali kumfundisha mgeni alijua anachokihatarisha.

Hata hivyo masomo yaliendelea kwa siri. Robert Morrison, mmishenari Mwingereza aliyewasili mwaka 1807 kwa nia ya kutafsiri Biblia, aliajiriwa na Kampuni kuwa mfasiri mwaka 1809. Kamusi yake ya Kichina na Kiingereza ilichapishwa Macau kati ya 1815 na 1823 kwa mitambo na fedha za Kampuni. Kwa hiyo mhubiri na muuza chai walikutana katika kitabu kimoja: mmoja alileta elimu, mwingine akalipia karatasi na wino.

Marufuku ya kuwafundisha wageni Kichina iliondolewa na mikataba iliyofuata Vita vya Kasumba kati ya Uingereza na China. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 ulifungua bandari 5, na Mkataba wa Wangxia wa mwaka 1844, kati ya China na Marekani, uliwaruhusu Wamarekani waziwazi kuajiri walimu wa Kichina na kununua vitabu. Ruhusa hiyo haikubadili mazoea kwa haraka. Kampuni kubwa za Uingereza zilizohamia Shanghai na Hong Kong ziliendelea kumtegemea wakala wa Kichina, aliyeajiri wafanyakazi, aliyewadhamini wauzaji na aliyehakiki ubora wa fedha. Mawakala hao walitajirika, na baadhi yao wakawa wenye viwanda. Wakubwa wengi wa kampuni hizo walirudi kwao bila kuweza kusoma ankara moja ya Kichina.

Elimu ya vitabu na elimu ya soko

Huko Ulaya, Kichina kilikuwa kimeshaingia vyuoni, ila kwa mlango mwingine. Mwaka 1814 Collège de France mjini Paris ilimpa Jean-Pierre Abel-Rémusat nafasi ya kwanza ya uprofesa wa Kichina katika Ulaya. Msomi huyo hakuwahi kufika China. Lugha aliyoifundisha ilikuwa ya vitabu vya kale, na mwanafunzi wake aliweza kufasiri maandiko ya falsafa bila kuweza kuuliza bei ya kilo moja ya chai.

Njia ya pili ilikuwa imeshaonyeshwa mjini humohumo. Mwaka 1795 serikali ya Mapinduzi ya Ufaransa ilianzisha shule ya lugha hai za Mashariki, na sheria iliyoiunda ilitaja manufaa yake kwa siasa na biashara. Kichina kilianza kufundishwa katika shule hiyo mwaka 1843, wakati bandari za China zilipokuwa zikifunguliwa. Kuanzia hapo mitazamo miwili iliishi pamoja: mmoja uliiona lugha kuwa ufunguo wa maktaba, mwingine ukaiona kuwa ufunguo wa ghala.

Kyakhta na Vladivostok

Warusi ndio waliotangulia kujenga shule ya Kichina kwa ajili ya wafanyabiashara. Mkataba wa mwaka 1727 uliufanya mji mdogo wa Kyakhta, kwenye mpaka wa kusini wa Siberia, kuwa kituo cha biashara kati ya milki za Urusi na China. Warusi walileta manyoya ya wanyama, Wachina wakaleta chai. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na mji wa Wachina ulioitwa Maimaicheng, maana yake mji wa kununua na kuuza. Katika biashara hiyo Wachina ndio waliojitaabisha na lugha. Wengi wao walitoka mkoa wa Shanxi, nao walijifunza Kirusi cha sokoni. Warusi hawakujua Kichina, na kwa hiyo hawakusikia Wachina wakishauriana kuhusu bei mbele yao.

Mwaka 1831 mtawa na msomi Nikita Bichurin, aliyejulikana kwa jina la kitawa la Iakinf na aliyekuwa ameishi Beijing zaidi ya miaka 10, alianza kuwafundisha Kichina vijana wa Kyakhta. Shule ilifunguliwa rasmi mwaka 1835 kwa msaada wa wafanyabiashara wa mji huo, na kwa ajili yake Bichurin alitunga kitabu cha sarufi ya Kichina kwa Kirusi. Shule ilikuwa ndogo, lakini wazo lake lilikuwa kubwa: kwamba mtoto wa mfanyabiashara anaweza kuketi darasani kujifunza lugha ya mteja wake.

Wazo hilo lilifika ngazi ya elimu ya juu mwaka 1899, ilipofunguliwa Taasisi ya Mashariki mjini Vladivostok chini ya Aleksei Pozdneev. Masomo yalichukua miaka 4. Kichina kilikuwa lazima kwa kila mwanafunzi, na baadaye aliongeza lugha nyingine ya eneo hilo. Pamoja na lugha alisoma uchumi, utunzaji wa hesabu, jiografia ya biashara na elimu ya bidhaa. Kwa mara ya kwanza katika Urusi, daftari la tarakimu na daftari la herufi za Kichina viliwekwa kwenye dawati moja.

Chuo cha Wajapani Shanghai

Mfano uliokomaa zaidi ulijengwa na Wajapani. Mwaka 1890 Arao Sei, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alifungua Shanghai taasisi ya utafiti wa biashara kati ya Japani na China. Alianza na wanafunzi wapatao 150. Hoja yake ilikuwa kwamba biashara ya nchi hizo imo mikononi mwa Wachina na Wazungu kwa sababu Wajapani hawajui lugha, vipimo wala desturi za soko la China. Fedha zilipungua, na mwaka 1893 taasisi ilitoa wahitimu 89 ikafungwa. Iliacha kitabu cha zaidi ya kurasa 2,000 kuhusu biashara ya China, kilichohaririwa na mwenzake, Nezu Hajime, na kuchapishwa mwaka 1892. Vita vya China na Japani vilipozuka mwaka 1894, wahitimu wengi walichukuliwa na jeshi kuwa wakalimani na wapelelezi, na baadhi yao walikamatwa na kuuawa.

Nezu aliirudia kazi hiyo mwaka 1901 akiwa mkuu wa chuo kipya cha Shanghai, Tōa Dōbun Shoin, kilichoanzishwa na chama kilichoongozwa na Konoe Atsumaro. Mikoa ya Japani ilichagua vijana na kuwalipia gharama. Wengi walisoma biashara: uhasibu, sheria, uchumi, usafirishaji na forodha. Kichina kilichukua sehemu kubwa ya ratiba, nacho kilikuwa Kimandarini cha Beijing, lugha hai ya mazungumzo. Chuo kilijitungia vitabu vya kiada vilivyojaa mazungumzo ya dukani, gatini na nyumba ya wageni.

Kilichokitofautisha chuo hicho na vingine ni safari. Kuanzia mwaka 1907, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walitawanyika kwa vikundi vidogo ndani ya China kwa miezi kadhaa, wakienda kwa mashua, kwa nyumbu na kwa miguu. Waliandika bei, njia, nauli, mazao, vyama vya wafanyabiashara na aina za fedha. Taarifa hizo zilikuwa na thamani kubwa, kwani uzito wa fedha na vipimo vya nafaka vilitofautiana mji kwa mji, na mara nyingine bidhaa kwa bidhaa. Mgeni asiyejua tofauti hizo aliweza kupata hasara katika biashara aliyodhani ina faida. Ripoti zao zilikuwa ndizo tasnifu za kuhitimu, na kutokana nazo kilitoka kitabu cha mikoa ya China chenye juzuu 18, kilichochapishwa kati ya 1917 na 1920. Kwa jumla wanafunzi walipita njia zipatazo 700.

Kwa ufundishaji, mpango huo ulikuwa bora kuliko mingi ya wakati wake. Kwa maadili, ulibeba doa zito. Maelezo ya barabara na vivuko yanayomfaa msafirishaji humfaa pia kamanda wa jeshi, na baada ya Japani kuivamia China mwaka 1937 wanafunzi wenyewe walitumwa kuwa wakalimani wa kijeshi. Chuo kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 1939, na kushindwa kwa Japani mwaka 1945 kukawa ndio mwisho wake. Walimu na wanafunzi waliorudi nyumbani walianzisha Chuo Kikuu cha Aichi mwaka 1946. Kadi za kamusi ya Kichina na Kijapani ambayo chuo cha Shanghai kilikuwa kikiitayarisha zilikuwa zimebaki China; zilirudishwa Japani mwaka 1954, na kamusi ikatoka mwaka 1968. Kazi iliyoanza katika uhasama ilikamilishwa kwa hisani ya waliodhulumiwa.

Baada ya mwaka 1949

Jamhuri ya Watu wa China ilipoundwa, ufundishaji wa wageni ulishikwa na Wachina wenyewe. Mwaka 1950 Chuo Kikuu cha Tsinghua kilifungua darasa la Kichina kwa wanafunzi kutoka Ulaya ya Mashariki, na mwaka 1962 ikaundwa Beijing taasisi maalumu ya kuwafundisha wageni lugha. Biashara ya nje ilikuwa na chuo chake, kilichoanza mwaka 1951 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Biashara na Uchumi wa Kimataifa. Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1978 yaliukaribisha mtaji wa kigeni, na vyuo vya nje vikaitikia. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani kilianzisha Taasisi ya Lauder, ambako shahada ya uzamili ya biashara husomwa sambamba na lugha ya kigeni, kama Kichina, na masomo ya kimataifa. Mtihani wa taifa wa Kichina kwa wageni, HSK, ulifuata, na baadaye ukaongezwa mtihani wa Kichina cha biashara, BCT.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa reli. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli ya TAZARA, na kabla ya ufundi walianza na Kichina. Wakati huo China ilikuwa imeshajifunza Kiswahili: Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Desemba 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, kituo cha lugha na utamaduni wa China, ya kwanza barani Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata yake mwaka 2013. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2009, China ikawa mshirika mkubwa wa biashara wa Afrika kuliko nchi nyingine yoyote.

Mfanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, anayefuata mzigo Guangzhou au Yiwu nchini China hukutana na tatizo lilelile la mwaka 1757. Kati yake na kiwanda husimama wakala anayetafsiri, anayekagua bidhaa, anayepanga kontena na anayelipwa kamisheni. Kazi ya wakala ni halali na ina manufaa, lakini mteja asiyeelewa maneno yake hawezi kuipima. Ajuaye Kichina bila kujua mkataba, ushuru na bima hubaki mkalimani wa biashara za wengine; ajuaye biashara bila lugha hununua kwa masikio ya kuazima. Hicho ndicho walichokitambua walimu wa Kyakhta, Vladivostok na Shanghai, na ndiyo sababu masomo hayo mawili yanastahili kukaa katika shahada moja. Guangzhou, iliyokuwa na mlango mmoja na wakalimani wa leseni, leo ina vyuo vikuu vinavyowapokea Waafrika wanaokuja kusoma Kichina na biashara.