Amefufuka, Atafufuliwa

Alfajiri ya Pasaka, katika makaburi ya usharika mmoja wa Kimoravian wilayani Rungwe, mtoto wa miaka kama sita alimvuta mama yake upindo wa kitenge akamuuliza, "Mama, bibi naye amefufuka?" Ukungu ulikuwa bado umetanda juu ya migomba, na wapiga tarumbeta walikuwa wakikung'uta mate kwenye vyombo vyao huku wakingoja zamu. Mama hakusita. "Bado, mwanangu. Atafufuliwa."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yao, na tangu siku ile jibu hilo halijanitoka. Mtoto alisema -fufuka, mama akajibu kwa -fufuliwa. Mtoto alitumia -me-, mama akatumia -ta-. Katikati akaweka "bado", neno linaloungama kwamba jambo halijatimia na papo hapo linaahidi kwamba litatimia. Imani ya Kikristo kuhusu wafu wote, pamoja na yule Mmoja aliyetangulia, ilikuwa imeenea katika maneno yale machache. Ndiyo maana naamini istilahi hii inafaa kutazamwa kwa karibu, kiambishi kwa kiambishi.

Tuanze na lugha zilizotutangulia. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na Kigiriki kina maneno mawili makubwa kwa habari hii. La kwanza ni anastasis, kusimama tena, kuinuka kutoka chini. La pili ni kitenzi egeiro, kumwamsha aliyelala au kumwinua aliyeanguka. Yote mawili ni maneno ya nyumbani, ya mtu anayeamka asubuhi akasimama kwa miguu yake.

Kiarabu nacho kilishika picha hiyo hiyo ya kusimama, na kwa njia ya Kiarabu pwani yetu ikapata kiyama. Waislamu wa pwani walikuwa na neno hili karne nyingi kabla Biblia haijatafsiriwa kwa Kiswahili, na sura ya 75 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Lakini si neno la Waislamu peke yao. Kule Yerusalemu lipo kanisa kongwe lililojengwa juu ya mahali panapoaminiwa kuwa ndipo Yesu alipozikwa. Wakristo wa Ulaya Magharibi hulitaja kwa kaburi, wakaliita Kanisa la Kaburi Takatifu. Wakristo Waarabu huliita Kanisat al-Qiyama, Kanisa la Kiyama, na Wagiriki huliita Anastasis. Jengo ni lile lile, ila wengine wamelipa jina la mahali alipolazwa, na wengine jina la alichofanya alipoondoka hapo.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilipokea neno kiyama bila hofu. Katika tafsiri ya Union Version ya 1952, ambayo mamilioni wamekua nayo, wale Masadukayo wa Injili ni watu wasiokubali kwamba kuna kiyama. Paulo naye, katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anahoji habari ya "kiyama ya wafu", kwa upatanisho wa zamani ambao huenda ukalishtua sikio la leo. Hata hivyo, kwa Kristo mwenyewe wafasiri hao walitumia kufufuka. Hapo msomaji wa Kiswahili anahitaji uangalifu. Hoja yote ya Paulo ni kwamba mambo haya mawili yamefungwa kwa kamba moja: ukisema wafu hawafufuki, umesema Kristo naye yumo kaburini hadi leo. Lakini anayekutana na kiyama upande huu na kufufuka upande ule anaweza kudhani ni habari mbili tofauti, moja ya kutisha na nyingine ya furaha.

Kutisha huko kumeingia kweli. Leo mtu akisema "ilikuwa kiyama" anasimulia ajali, mafuriko au moto sokoni. Wahubiri wengi wa Kikristo wameliacha neno hili likateleza upande wa hukumu tu, nami naona tumepoteza mali. Makanisa kadhaa ya Kiprotestanti bado yanaungama kiyama ya mwili katika Imani ya Mitume. Kila ninapolisikia pale hukumbuka kwamba mzizi wake ni kusimama, na kwamba ninachoungama ni kwamba aliyelazwa chini atasimama.

Sasa fufua. Kwa sikio la msemaji wa Kiswahili, ndani ya neno hili mfu anasikika, na mwishoni kuna -ua, ile ile ya kutengua: funga ikawa fungua, kunja ikawa kunjua, ziba ikawa zibua, tega ikawa tegua. Mtu akisikia fufua anasikia kifo kikifunguliwa kama fundo. Kigiriki hakina hilo. Kigiriki kinamwona mtu akiinuka. Kiswahili kinaona kile kilichomfunga kikilegea na kuachia.

Kutoka fufua tumepata ufufuo, kama ufunuo ulivyotoka kwenye funua. Kutoka fufuka tumepata ufufuko, kama mporomoko ulivyotoka kwenye poromoka. Wakatoliki wengi husema ufufuko, Waprotestanti wengi husema ufufuo, na nimeshuhudia watu wazima wakisahihishana kana kwamba mmoja ameteleza. Hakuna aliyeteleza. Ufufuo unatazama kazi ya mwenye kufufua, na ufufuko unamtazama aliyetoka kaburini. Imani inahitaji macho yote mawili, maana Matendo ya Mitume husema Mungu alimfufua Yesu, na katika Injili ya Yohana Yesu mwenyewe husema ana uwezo wa kuutoa uhai wake na kuutwaa tena.

Kwa hiyo yule mama hakuchagua ovyo. Ukiambiwa mlango umefunguka, hutajiwi mkono uliousukuma. Ukiambiwa umefunguliwa, unajua kuna aliyekuja. Bibi wa mtoto yule hana uwezo wa kuutwaa tena uhai wake. Yeye atafufuliwa, yaani kuna atakayekuja.

Kiambishi ninachokipenda kuliko vyote ni -me-. Paulo anapotaja kufufuka kwa Kristo katika sura ile ya 15, kitenzi chake cha Kigiriki kiko katika njeo ya pekee: tendo limekwisha kufanyika na hali yake ingali ipo. Lugha nyingi hulazimika kuzunguka ili kulieleza hilo. Sisi tunalo mdomoni kila siku. Nikikuambia "mgeni amefika", unainuka kuweka chai jikoni. Nikikuambia "mgeni alifika", huenda amekwisha kuondoka. Amevaa, ameketi, amesimama: yote ni hali inayoendelea mbele ya macho yetu. Ndivyo ilivyo salamu ya Pasaka, mmoja akisema Kristo amefufuka na mwenzake akiitikia kwamba amefufuka kweli. Hawasimulii lililotukia zamani likapita. Wanatoa habari za mtu aliye hai saa hii. Mhubiri akisema "Kristo alifufuka" hajakosea, maana siku ile ilikuwa na tarehe yake, lakini amemtaja mgeni bila kutuambia kwamba yumo ndani.

Neno zuri linaweza pia kubeba zaidi ya mzigo wake. Kiswahili cha siku hizi kinafufua viwanda, mashamba ya mkonge, reli na kesi zilizolala. Katika matumizi hayo kufufua ni kurudisha kitu kama kilivyokuwa. Lazaro wa Bethania alifufuliwa kwa maana hiyo. Aliitwa, akatoka akiwa amefungwa sanda mikononi na miguuni, ikabidi watu wamfungue, kisha akarudi nyumbani kwa dada zake kuendelea na maisha ambayo yangefika tena mwisho. Kristo hakurudi namna hiyo. Yohana anaandika kwamba sanda ilibaki kaburini, na kile kitambaa cha kichwani kilikuwa kimekunjwa na kuwekwa mahali pake peke yake. Kwa imani ya Kikristo yeye hafi tena. Kiswahili kimewapa wote wawili kitenzi kimoja, na hapo lugha haiwezi kutusaidia, ni lazima tufundishe.

Tufundishe pia kwa kutaja kile ambacho Kristo aliyefufuka hakuwa. Wanafunzi walipomwona, anasema Luka, walidhani wanaona roho, sisi tungesema mzuka. Yeye akawaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akapewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Inanigusa kwamba jirani zetu wa Rwanda husema kuzuka kwa maana hii hii ya kufufuka, ilhali kwetu mzuka ni kivuli kinachotisha usiku. Na wala hakuwa msukule. Wasomaji wa Tanzania wanajua hofu inayobebwa na neno hilo: mtu anayesadikiwa kuchukuliwa kichawi, kikazikwa kitu kingine badala yake, naye akawa anatumikishwa usiku bila sauti wala akili. Nimekaa na familia zilizoishi na hofu hiyo baada ya msiba, na si jambo la kulipuuza. Lakini msukule ana bwana wake na hana sauti. Aliyefufuka bustanini alimwita Mariamu kwa jina, na Mariamu akaijua sauti. Ufufuo ni kinyume kabisa cha utumwa ule.

Kuhusu jina la sikukuu sina mengi, kwa kuwa Kiswahili kilichagua vizuri. Pasaka ni ukoo mmoja na Pascha ya Kigiriki na Pesach ya Kiebrania, sikukuu ya usiku ule wa Misri, wa mwanakondoo na damu kwenye miimo ya milango. Kiingereza kina jina jingine, Easter, ambalo mtawa Bede aliyeandika mwaka 725 alilihusisha na mungu wa kike wa Waingereza wa kale. Msomaji wa Kiingereza ana maneno mawili, moja kwa sikukuu ya Wayahudi na moja kwa ya Wakristo. Msomaji wa Kiswahili ana moja, na akisoma habari ya Waisraeli wakitoka utumwani tayari yumo Pasaka. Tarehe nayo inafuata mwezi: tangu Mtaguso wa Nikea wa 325 kanisa lilikubaliana kuiadhimisha kwa pamoja Jumapili, na kanuni iliyokaa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira ya kuchipua kule kaskazini. Kwa makanisa ya Magharibi huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25.

Majira hayo kwetu yana mafundisho yake. Pwani na kaskazini mwa Tanzania masika yanaanza na watu wako shambani wakipanda. Nyanda za Juu Kusini mvua zimenyesha tangu Novemba na mahindi yamekwisha kubeba. Paulo alitumia picha zote mbili. Kwanza mbegu: punje unayoifukia haifanani na mmea utakaouona, na bado ni ile ile. Mkulima hapandi mhindi, anapanda punje, kisha anangoja kitu kirefu kuliko yeye. Ya pili ni limbuko. Kristo, anasema Paulo, ni limbuko lao waliolala. Mtu aliyelelewa shambani hahitaji maelezo. Hindi la kwanza kuiva haliji peke yake. Ukilila, unajua shamba zima liko njiani.

Na hao wafu wameitwa "waliolala". Wagiriki Wakristo waliyaita makaburi koimeterion, mahali pa kulala. Wajerumani nao wana jina la kale, Gottesacker, shamba la Mungu. Wamoravian wa Herrnhut, huko Ujerumani, walianza mwaka 1732 kwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka. Wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891 desturi hiyo ilikuwa nao, na hivyo ndivyo tulivyojikuta, zaidi ya karne moja baadaye, tumesimama kwenye nyasi zenye umande kati ya misalaba iliyopakwa chokaa jana yake.

Jua lilipotokeza juu ya kilima, matarumbeta yalilia yote kwa pamoja na ndege wakaruka kutoka kwenye miparachichi. Mchungaji alisoma majina ya waliozikwa tangu Pasaka iliyopita, polepole, na kila jina lilipotajwa kuna mtu aliyeinua kichwa. Mtoto yule alikuwa amechuchumaa mbele ya msalaba wa bibi yake. Alikuwa darasa la kwanza, ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi. Akaweka kidole kwenye maandishi meusi na kusoma kwa sauti.

"Ha-pa. A-me-la-la."

"Vizuri," mama yake alisema, akamfuta tope magotini kwa ncha ya kitenge. "Haya, inuka twende tukanywe chai."